Darasa la Wazee: Habari za Kisomo cha Watu Wazima katika Nchi ya Masasi

Walimu wenzetu wawili, wasimamizi wa mitaa ya kanisa huku kusini, walituletea shauri mwaka jana kwamba darasa la jioni la wazee lifungwe, na mwalimu wake apewe watoto. Hoja yao ilikuwa mithali: Samaki mkunje angali mbichi. Wazee, walisema, wamekwisha kukauka, na kikavu hakikunjwi. Siku ile hatukuwajibu. Mithali hujibiwa upesi kwa mithali, na mtu akitamka kwamba elimu haina mwisho hupigiwa makofi, lakini darasa lenyewe hubaki vile vile, halina taa wala vitabu. Tukaona afadhali kuwauliza wazee wa nchi hii na kupekua yaliyoandikwa, ili tujue madarasa ya namna hii yamekuwako tangu lini, yalisimama kwa nguvu gani, na yalianguka kwa sababu gani. Neno moja twaliweka mbele tangu sasa, ili msomaji alipime kwa haya yafuatayo: katika habari zote tulizozipata, hatukuona mahali ambapo darasa la wazee lilianguka kwa sababu vichwa vya wazee vilikuwa vigumu. Lilianguka kwa kuvunjiwa heshima, au kwa kukosa kitu cha kusoma.

Na tuanze na maneno, maana ndani ya maneno mna nusu ya habari yenyewe. Twasema mtu mzima. Chungu kizima ni chungu kisicho na ufa. Mwili mzima ni mwili usio na ugonjwa. Basi mtu mzima ni mtu aliyetimia, asiyepungukiwa. Kwa Wamakua, Wayao na Wamakonde wa nchi ya Masasi, mtu hakutimia kwa kuota ndevu, bali kwa kupita jandoni, na mwanamke kwa kuchezwa unyago. Akiisha kupita huko, hana la kufundwa na walio nyuma yake. Yeye ndiye afundaye. Basi tazama jinsi jina hili, elimu ya watu wazima, linavyopigana lenyewe kwa lenyewe katika sikio la mzee: aliyetimia aambiwa amepungukiwa. Ndiyo maana watu wa mtaani walipata neno jingine, ngumbaru, wakamwita hivyo mtu mzima aendaye darasani. Neno hilo halina tusi kubwa, ila lina kicheko ndani yake, na kicheko kimewafukuza watu wengi kuliko fimbo.

Kusoma nako si neno jepesi. Huko Buganda katika karne iliyopita ile ya 19, msomaji maana yake ilikuwa mfuasi wa dini, hata kama kusoma kwake kulikuwa kwa kusitasita. Na kisomo, kwa watu wa pwani, ni kukusanyika kusoma Korani kwa ajili ya marehemu au kwa ajili ya shukrani. Serikali ilipolitwaa neno kisomo ikaliweka juu ya mlango wa darasa la herufi, ilitwaa neno lililokuwa tayari na harufu ya ubani. Hatudhani ilikuwa hasara. Liko na neno kuendeleza: kwa Kiswahili cha zamani kuendeleza ni kutaja herufi za neno moja moja kwa mpango wake, na siku hizi watu husema fulani ajiendeleza, yaani aongeza elimu yake. Hatujui kama aliyeanzisha matumizi ya pili alilikumbuka lile la kwanza, lakini mzee akaaye na kidole chake juu ya silabi aendeleza na kujiendeleza kwa wakati mmoja.

Sasa habari zenyewe. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja pamoja na watu waliokombolewa utumwani, wake kwa waume, nia yao ikiwa kuwafikisha upande wa Nyasa walikotoka wengi wao. Walipofika Masasi, chini ya yale majabali makubwa ambayo kila msafiri huyajua, wakakaa hapo. Hivyo kijiji cha kwanza cha wanafunzi katika nchi hii hakikuwa kijiji cha watoto. Kilikuwa cha watu waliokwisha kuona mengi, waliouzwa na kununuliwa, na waliojifunza Kiswahili na sala ukubwani. Mwaka 1882 Wamagwangwara wakakiangukia, wakachoma, wakateka watu. Kazi ikaanzwa upya. Twayataja haya kwa sababu wengine hudhani kufundisha wakubwa ni jambo la juzi lililoletwa na serikali. Sivyo. Huku kwetu wakubwa ndio waliotangulia, na shule ya watoto ikaja nyuma yao.

Lakini darasa la wakubwa la siku zile lilikuwa la masikio na kinywa. Msikilizaji, na baada yake mkatekumeni, alikaa chini akamsikia mwalimu, akasema nyuma yake Sala ya Bwana, Imani na Amri Kumi mpaka zikakaa moyoni. Kijana alitazamiwa kujua herufi. Mzee, kama ilivyokuwa katika misheni nyingi, alisamehewa. Wazee wengi walibatizwa pasipo kujua a wala e, wala hakuna aliyewaona kuwa wameshindwa darasa. Kwa nini iliwezekana? Kwa sababu kujifunza kwa moyo ndiko kujifunza kwa jandoni. Kule nako mna nyimbo, mna mafumbo, mna kusema na kuitikia usiku mpaka neno likaze. Mzee aliyeingia darasa la dini hakuona kwamba amerudi utotoni, bali kwamba ameingia jando jingine. Askofu Vincent Lucas, Askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926 hata 1944, aliliona jambo hili vizuri kuliko wengi wa wakati wake, akajitahidi kuvitia jando na unyago ndani ya maisha ya Wakristo badala ya kuvipiga marufuku. Yako mengi ya kubishaniwa katika kazi yake hiyo, na baadhi ya mapadre wa sasa wangali wanayabishania. Kwa shauri letu latosha kusema kwamba wazee hawakunyang'anywa ufundishaji wao.

Hayo yalibadilika baada ya uhuru. Mwaka 1964, alipoeleza bungeni Mpango wa kwanza wa Miaka Mitano, Mwalimu Julius Nyerere alisema jambo ambalo walimu wa shule hawakulipenda sana: watoto tunaowafundisha leo hawataitikisa nchi kwa miaka mitano, kumi, pengine ishirini, lakini fikira za watu wazima zaigeuza nchi sasa hivi, basi yafaa kuanza na watu wazima. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1969 akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka ule ulipokwisha, ikatangazwa kwamba katika 1971 ujinga wa kutojua kusoma utafutwa kabisa katika wilaya sita: Mafia, Ukerewe, Kilimanjaro, Upare, Tanga, na Masasi yetu, ambayo siku zile ilikuwa bado pamoja na Nanyumbu. Katika habari ya Upare hapakuwa na ajabu. Huko serikali ya Waingereza ilikuwa imejaribu kisomo cha wakubwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Masasi nayo ilikuwa na shule nyingi za misheni na watu wengi waliozipitia, basi ilidhaniwa kwamba walimu hawatakosekana.

Na kweli hawakukosekana, ila kwa namna iliyoleta taabu. Amri ilikuwa kwamba ajuaye amfundishe asiyejua. Walimu wa shule wakafundisha watoto asubuhi na wazazi wao alasiri, makarani wakafundisha, na wengi kupita wote walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakipewa shilingi 30 kwa mwezi kuwa ahsante. Madarasa yakawekwa makanisani, misikitini, barazani, na zaidi chini ya miembe na mikorosho, ubao umeegemezwa kwenye shina, na chaki zilipokwisha watu wakaandika kwa mkaa. Saa zilifuata jembe na mvua. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, na hivyo ndivyo ilivyokuwa nchini kote.

Twaeleza hapa kisa kimoja tulichosimuliwa na watu watatu mbalimbali, wawili kati yao walikuwako. Kijana mmoja aliandikwa kufundisha kijijini kwao. Alikuwa na daftari la mahudhurio, naye akaambiwa aandike majina kamili. Mzee mmoja, mtu wa kuheshimiwa, ambaye katika jando la kijana yule alikuwa miongoni mwa wakubwa wa kambini, hakuwako siku ya kuandikwa. Kijana akamwuliza mtu aliyekaa karibu, naye kwa bahati mbaya alikuwa mtani wa yule mzee. Mtani akamtajia jina la utotoni. Msomaji wa huku kwetu amekwisha kujua yaliyofuata. Jina la kabla ya jando huachwa kule kule jandoni pamoja na nguo za kitoto. Kumwita mtu kwalo ni kumvua nguo mbele ya watu. Siku ya pili kijana akasimama, akasoma daftari kwa sauti, akafika jina lile. Watani wakaangua kicheko. Mzee akainuka, akakunja mkeka wake, akaenda zake, na nyuma yake wakainuka wanaume wote wa rika lake. Darasa la watu zaidi ya thelathini likabaki na wanawake na wavulana wawili.

Kijana hakuelewa alilolitenda, mpaka mjomba wake alipomweleza. Ikabidi apelekwe nyumbani kwa mzee na huyo mjomba, na kuku, na maneno ya kuomba radhi. Na mtani naye akatozwa, ingawa mtani kwa kawaida hatozwi. Mzee akarudi kwa sharti moja: kwamba asiitwe kwa daftari. Kila ajaye aseme mwenyewe jina atakalo kuitwa, na mwalimu aliandike hilo, awe ni Babu Fulani, awe ni Mama wa Fulani. Afisa mmoja wa kisomo alipokuja kukagua alilalamika kwamba daftari halina majina kamili. Tungependa kumwuliza kama alitaka majina au alitaka watu.

Hatusemi kila darasa lilipata mkasa kama huo. Twasema tu kwamba ndani ya mambo madogo ya namna hii ndimo darasa lilimosimama au kuanguka, nayo hayakuandikwa katika maelekezo ya walimu. Vijana walipewa kitabu, wakafundishwa jinsi ya kuonyesha picha, kutoa neno ndani ya picha, kulivunja neno kuwa silabi na kuzichanganya silabi kupata maneno mapya. Njia nzuri sana, na sisi twaitumia hata leo. Ila hapana aliyewaambia wamwite nani mama na nani bibi, au waketi wapi wakati mzee amesimama ubaoni.

Kulikuwa na taabu nyingine ambayo ni ya lugha tupu, nasi twaomba walimu wa Kiswahili waifikirie. Kimakua hakina sauti za b, d na g kama zilivyo katika Kiswahili. Kina p, t na k. Kijana aliyekwenda shule amekwisha kuzizoea, lakini bibi aliyekaa maisha yake yote katika Kimakua husikia b akatoa p. Sasa kitabu cha kwanza cha Kiswahili, kiwe cha nani, hakikosi baba. Bibi asoma: Papa analima. Kijana acheka, maana papa ni samaki wa baharini. Naye bibi hajui achekwacho, kwa kuwa sikioni mwake amesema vile vile alivyosema mwalimu. Dada huwa tata, gari huwa kari. Si ujinga wa mtu, ni mpaka wa lugha mbili. Tumeambiwa na wazee kwamba hata katika majaribio watu waliandika papa wakakosoleshwa, na ilhali walikuwa wameandika kwa uaminifu kabisa sauti waliyoisikia. Wengine, hasa wanawake wasiotoka vijijini, walikuwa wakibeba mizigo miwili kwa safari moja: kujifunza herufi, na kujifunza Kiswahili chenyewe. Twastaajabu si kwamba wengine walishindwa, bali kwamba walioshinda walikuwa wengi hivyo.

Walitaka nini, hata wakavumilia? Tuliwauliza wengi, na majibu yalikuwa mawili tu. La kwanza ni barua. Tangu zamani vijana wa kusini walikwenda Tanga na kwingineko kukata mkonge, na baadaye Dar es Salaam kutafuta kazi. Barua zilirudi, na mke asiyejua kusoma alimpelekea mwalimu, au mtoto wa jirani, amsomee. Mama mmoja alitueleza kwamba habari za mumewe kuoa mke mwingine huko aliko zilijulikana na kijiji kizima, na yeye akawa wa mwisho kuamini, kwa sababu msomaji wake alimhurumia akaruka maneno. Akaingia darasani ili asihurumiwe tena. La pili ni mizani. Korosho ndiyo fedha ya nchi hii, na mkulima husimama mbele ya mizani na karani, akapewa kipande cha karatasi. Mtu ajuaye tarakimu huitazama mizani, huitazama karatasi, na karani huona kwamba atazamwa. Wazee wengi walituambia kwamba hesabu walizishika upesi kuliko herufi, tena kwamba wangeridhika nazo peke yake.

Habari ya majaribio ya taifa twaipita upesi, maana tarakimu zake zimeandikwa mahali pengi. Katika hesabu ya watu ya 1967 yapata theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma. Jaribio la kwanza lilikuwa Agosti 1975, na ndani ya mwaka ule walioandikishwa walizidi milioni 5. Kulikuwa na hatua nne: ya kwanza kuhudhuria, ya pili kutambua herufi na maneno machache, ya tatu kusoma na kuandika ujumbe mfupi, ya nne kusoma gazeti na kuweka hesabu za nyumbani. Wasiojua wakawa 39 katika kila mia. 1977 wakawa 27. 1981 wakawa 21. Na 1986 ikatangazwa kwamba hawafiki 10. Mataifa mengine yakaja kutazama jinsi ilivyofanyika.

Kabla ya kusema yaliyofuata, yafaa kutaja darasa moja ambalo wazee hawakulichekea hata kidogo. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu waliketi vikundi vikundi kuzunguka redio kwa muda wa majuma kumi na mawili, wakasikiliza mafundisho ya malaria, kichocho, kuhara na mengineyo, msomaji mmoja akawasomea kijitabu, kisha wakajadiliana na kukubaliana watende nini. Inasemekana watu wapatao milioni 2 nchini walishiriki, katika vikundi kama 75,000, na vyoo vilichimbwa kwa malaki. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Huku kwetu wazee walipaona mahali pao mara moja. Sauti yasema, watu wasikiliza, mkubwa atoa neno, wengine waitikia: ni jambo walilolijua tangu jandoni na tangu darasa la dini. Mzee asiyejua herufi aliweza kuwa mwenyekiti wa kikundi. Yale mawili yaliyomwudhi chini ya mwembe, kukosoleshwa na kuchekwa na mtoto, hayakuwamo. Twadhani ilikuwa kosa kuyaacha madarasa ya masikio yapotee kwa kuyaona kuwa ni ngazi tu ya kupandia kwenye herufi.

Sasa tuseme jinsi lilivyozimika, nasi tutasema habari ya mtu tunayemjua kuliko wote, yaani mama yetu. Alihudhuria darasa miaka ya sabini na kitu, sisi tukiwa watoto wadogo tumelala mapajani pake, na harufu ya kibatari twaikumbuka hata leo. Katika jaribio la 1981 alipata hatua ya tatu, akapewa cheti. Alikiweka sandukuni, kimefungwa katika kitambaa pamoja na hati ya ndoa. Kwa miaka mitatu minne alisoma: alisoma majina kwenye magunia, alisoma karatasi za korosho, alisoma mara moja kwa juma gazeti la jirani mpaka jirani alipoacha kulipata. Akatuandikia barua shuleni, mbili, zenye herufi kubwa na ndogo zimechanganyika, nasi twazo.

Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Nchi ilikuwa imetoka vitani, vita vya 1978 na 1979. Mafuta ya taa yalikuwa ya foleni. Karatasi ilikuwa haba. Vijitabu vya kujiendeleza na magazeti ya vijijini, ambayo katika sehemu nyingine kama Mwanza yalikuwa yamesomwa sana, hayakufika kwetu ila kwa bahati. Maktaba ya kijiji ilikuwa kabati moja, na ufunguo ulikuwa kwa mtu aliyehama. Ahsante ya walimu ikachelewa, kisha ikakoma. Na korosho yenyewe, iliyokuwa imefika tani zipatazo 145,000 nchini katika msimu wa 1973/74, ikaporomoka mno, maana watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa mikorosho ilibaki mbali msituni, na bei haikumvuta mtu kuifuata. Basi hata ile mizani haikuwa na cha kupima. Mwaka 1994 tulirudi nyumbani likizo tukamkuta mama amemwita mtoto wa dada yetu amsomee barua tuliyomwandikia wenyewe. Tulimwuliza. Akatuambia kwamba macho yamekuwa na ukungu, na herufi zimekwenda zake. Zilikuwa wageni, hazikupewa chakula, zikaondoka.

Hakuwa peke yake. Hesabu ya watu ya 2002 ilionyesha kwamba wasiojua kusoma walikuwa tena wapatao 30 katika kila mia ya watu wazima. Wengine wao walikuwa vijana ambao hawakupata shule, hilo ni kweli. Lakini wengine walikuwa na cheti sandukuni. Wala tusisahau macho. Mtu akipita miaka arobaini na tano hivi, huanza kuisogeza karatasi mbali, mpaka mkono haumtoshi. Mama yetu hakuwa amesahau nusu ya alichodhani amesahau. Mwaka 1999 padre mmoja mgeni alimpa miwani kuukuu, naye akaitia machoni, akashika kitabu cha nyimbo, akasoma ukurasa wa kwanza polepole mpaka mwisho, akakifunga. Akauliza ilikuwa wapi miwani hii miaka yote.

Huko Kenya, serikali ilipofuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, mzee Kimani Maruge, mwenye miaka 84, alikwenda shule ya msingi karibu na Eldoret mwaka 2004, amevaa sare na kaptula, akaketi na watoto wa darasa la kwanza. Dunia nzima ilisikia habari zake mpaka alipofariki mwaka 2009. Watu wengi walicheka kwa upendo. Lakini sababu zake ziwe za kukumbukwa na wachungaji wasomao ukurasa huu: alisema alitaka kuisoma Biblia mwenyewe, kwa kuwa hakuwa na hakika kama mhubiri aifuata sawasawa, tena alitaka kujua kuhesabu fedha, ikiwa waliopigania uhuru watalipwa. Ni barua na mizani zile zile, chini ya majina mengine.

Na sasa zina jina la tatu. Watu wanaokuja darasani kwetu siku hizi, walio wengi wajane wa miaka sitini na sabini, hawaji kwa ajili ya barua, maana barua hakuna aandikaye. Waja kwa ajili ya simu. Mtoto aliye mjini hutuma fedha kwa simu, ujumbe hufika, na bibi asiyejua kusoma humpa mjukuu simu pamoja na namba ya siri, aende kwa wakala. Bibi mmoja aligundua baada ya mwaka mzima kwamba katika kila elfu ishirini alikuwa akiletewa kumi na tano. Mjukuu hatumtaji, ameshatubu. Bibi huyu alikuja akatuambia kwamba hataki a, e, i, o, u. Ataka tarakimu, na neno umepokea, na neno salio. Tukaanza na hayo, na b tukaifundisha kando kwa kumwekea kiganja mbele ya midomo asikie pumzi. Hatusomi majina katika daftari. Kila mtu hulitaja lake alitakalo, kisha huliandika mwenyewe, na mmoja amejiandika kwa jina la mume wake aliyekufa, hatukuuliza. Nusu ya kwanza ya saa ni ya kusikiliza na kujadiliana, wala hakuna ubao, na mwenyekiti ni mzee ambaye hajataka kujua herufi hata moja na huenda hatataka.

Wale walimu wenzetu wawili tuliwaalika waje watazame. Mmoja alikuja, akakaa nyuma mpaka mwisho. Hakusema kwamba ameshindwa, wala sisi hatukumwuliza. Aliuliza tu kwa nini watu kumi na mmoja wanapokezana miwani minne, na kama yapatikana ya bei nafuu Mtwara. Akaandika namba za nguvu ya miwani katika kidaftari chake. Darasa ni kila Alhamisi, saa kumi alasiri, ukumbini mwa kanisa, ila wakati wa kuokota korosho, ambapo twakutana Jumapili baada ya ibada.